Siku Kofia ya Mzee Athmani Ilipokwenda Chuo Kikuu

Mtacheka nikiwaambia nimesafiri. Kutoka Kibokoni mpaka kile chuo kikuu cha mjukuu wangu ni kisiwa hikihiki, huvuki feri, huvuki daraja. Lakini nyinyi mwanijua. Tangu magoti yaanze ukaidi wake, mbali kwangu ni sokoni, na mbali zaidi ni hospitali. Basi mtu kama mimi akitoka asubuhi na mkoba, akarudi alasiri jua linateremka, huyo amesafiri, tena ana haki ya kusimulia. Sogeeni. Kahawa ipo, kashata zipo.

Sababu ya kutoka ni Sauda, binti wa mwanangu Bakari. Mwamjua Sauda, yule mwembamba, mwenye wino vidoleni kila siku ya Mungu. Miaka minne amesomea kuchora. Babake hakupenda. Bakari ana duka la vipuri vya magari pale Bondeni, na kwa Bakari kitu kisichoingia ndani ya injini si kitu. "Kuchora!" alikuwa akisema. "Kuchora hata mtoto wa miaka mitatu achora, tena ukutani, tena apigwa." Lakini karo alilipa, sitamsingizia. Alilipa akinung'unika, akinung'unika akilipa.

Basi mwezi uliopita Sauda alinijia, akakaa pale chini miguuni pangu, akaniambia: "Bibi, sisi wa mwaka wa mwisho twaonyesha kazi zetu. Watakuja wakaguzi kutoka Nairobi, watazame, watie alama. Nisipopita, narudia mwaka mzima."

Na Bakari alikuwa pale mlangoni avua viatu. Akasema, "Hakuna kurudia. Mwaka wa tano siulipi mimi. Ukianguka, utakuja ukae dukani unisaidie, na hayo marangi tumalizane nayo."

Mtoto alitazama vidole vyake tu. Nikamwambia, "Nitakuja, mama. Hata kwa kubebwa nitakuja."

Babake alipopita ndani ndipo Sauda akanishika mkono, akaniomba kitu ambacho sikukitarajia. Akaniomba ile kofia.

Kwa wale mliohamia mtaani juzi, niwaeleze. Marehemu mume wangu, Mzee Athmani, alikuwa fundi wa mashua kule Liwatoni, lakini mkono wake mwengine ulikuwa wa penseli. Kofia za mkono, hizi nyeupe za vitundu wavaazo waume msikitini, yeye alikuwa akizichora na mimi nikizishona. Achora maua juu ya kitambaa cheupe cha bafta, mimi natoboa kitundu kwa sindano, nakizungushia uzi mpaka kikaze, naenda cha pili. Mamia ya vitundu kwa kofia moja. Miezi. Yeye akipita nyuma yangu akisema, "Hicho kimekwenda upande," nami nikimwambia, "Upande ni macho yako." Ndiyo ndoa yetu ilivyokuwa, miaka arubaini na kitu.

Ya mwisho aliichora ya mwanawe, Bakari, aivae Idi. Maua ya asumini kuzunguka kichwa kizima. Nalishona, nalishona, vikabaki vitundu tisa. Mzee Athmani akaondoka duniani. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, na kofia nikaikunja na sindano yake ndani, nikaitia kashani chini ya leso. Eda ilikwisha. Kasha sikulifungua. Miaka sita, wallahi. Watu wakiniletea kofia nyengine nilikuwa nikisema macho hayaoni. Macho yangu yaona vizuri tu. Namwona jirani yangu Shufaa akila kashata ya tatu kule nyuma.

Basi Sauda akaiomba, na mimi nikampa. Sikumwuliza ya nini. Babake hatukumwambia.

Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimeshavaa. Nimejifukiza udi, nimevaa lile buibui jipya, na kichwani nimetia kikuba cha asumini. Mkate wa sinia niliupika tangu usiku, nikaufunga kwa leso. Bi Shufaa akaingia, jirani yangu huyu mwamjua, hakuna arusi wala matanga ya kisiwa hiki yaliyompita. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shoga, waenda kutazama picha au waenda kuposwa?"

"Mjukuu wangu aonyesha kazi mbele ya wakubwa wa Nairobi. Wataka niende na leso ya jikoni?"

"Na huo mkate?"

"Wa wakaguzi."

"Wataka kuwahonga kwa mkate wa sinia?"

"Nataka kuwakirimu! Watu wametoka Nairobi, watakuja Mombasa warudi na njaa? Tukasemwe?"

Akaubeba mkate, maana hapo alijua nina haki.

Saa tatu tulikuwa mdomoni mwa kichochoro, tuktuk yangoja. Dereva ni Kazungu, kijana wa Kaloleni anichukuaye hospitali, mwana mwenye adabu. "Shikamoo bibi, leo magoti yaamkaje?" Nikamwambia leo hatuendi hospitali, leo twaenda chuo kikuu. Akasema, "Bibi, umejiandikisha?" Shufaa akacheka mpaka ukaya wa kichwani ukamwanguka. Kazungu alinishika mkono nikapanda kwanza mimi, kisha mkate, kisha Shufaa. Tukatoka taratibu, maana nilimwambia akirusha mkate wangu nitamshtaki kwa mamake.

Bondeni tulisimama dukani kwa Bakari. Nilikuwa na tamaa nitamchukua. Nikamwita kutoka mlemle ndani ya tuktuk: "Bakari! Funga duka, twende ukamtazame mwanao."

Akaja mlangoni na kitambaa cha grisi mkononi. "Mama, nina wateja."

Nikachungulia. Mteja alikuwa paka mmoja, amelala juu ya tairi. Nikamwambia, "Huyo mteja wako amekwisha kusinzia kwa kungoja." Hakucheka. Akaja mpaka tuktuk, akanipa chupa ya maji, akaniwekea buibui vizuri lisinaswe na gurudumu. Mwanangu ana moyo, mdomo tu ndio mzito. Kisha Shufaa, Mungu amsamehe, akasema, "Basi, baba, hata ile kofia ya marehemu babako hutaki kuiona huko ilikopelekwa?"

Bakari akaganda. "Kofia gani?"

Nikamwambia, "Ile yako. Sauda ameiazima."

Akasema polepole, hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza: "Kofia ya baba mmeipeleka ikatazamwe na watu." Akageuka, akaingia ndani. Kazungu alinitazama kwenye kioo. Nikamwambia, "Twende, mwanangu." Njia ile yote iliyobaki sikusema kitu, na mwajua mimi kunyamaza si kazi ndogo.

Langoni kwa chuo askari alitusimamisha. "Mwaenda kwa nani, mama?"

"Kwa Sauda."

"Sauda gani?"

"Kwani humu mna Sauda wangapi?"

"Mama, hapa kuna wanafunzi maelfu."

"Basi ni yule anayechora," nikamwambia. "Mwembamba. Akicheka afunika mdomo." Akatafuta kwenye daftari lake, naye Sauda mwenyewe akaja mbio, vumbi la chokaa mpaka kwenye mtandio, akatuchukua. Yule askari nilimkatia kipande cha mkate. Akala palepale, akasema tukija tena tusiulizwe.

Ndani ya ukumbi, jamani. Nalidhani nitaona picha zimetundikwa kama kalenda. Kumbe! Kijana mmoja amefuma makuti na madumu ya maji ya manjano, amejenga mtu mrefu hufiki kichwa chake, na mtu huyo ni mama achota maji. Nikamwuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Akaniambia, "Ni mamangu, kule kwetu Bamba." Nikamshika kidevu, nikamwambia mamake alizaa. Msichana mwengine amechora samaki wa Liwatoni, kila samaki na uso wake. Shufaa akasimama mbele ya mmoja, akasema, "Huyu samaki changu amenuna kama mume wangu wa kwanza." Yule msichana akaandika maneno hayo kwenye simu yake.

Lakini nilichokiona zaidi ni haraka. Huyu apiga msumari, yule apaka rangi mlango bado haujakauka, mwengine yu juu ya ngazi alia, "Gundi! Nani ana gundi?" Ilikuwa kama nyumba ya arusi alfajiri, pilau haijaiva na watu wako njiani. Na nyumba ya arusi mimi naijua. Pale kila mwenye mikono hutia mikono, haulizwi.

Mwisho wa ukumbi ndiko kwa Sauda. Alikuwa amening'iniza bafta nyeupe kutoka juu mpaka chini, pande zote nne, kama chumba cha chandarua. Na bafta yote ameitoboa vitundu, amekizungushia uzi kila kitundu, vikubwa hata kidole chapita. Nje ameweka taa. Nikaingia ndani. Mwanga ukapita kwenye vitundu, ukaniangukia. Nikatazama mikono yangu, nikaona asumini. Nikatazama buibui langu, asumini tupu, kuzunguka, na lile jani moja lililopinda upande wa kushoto, lile nililokuwa nikigombana na Mzee Athmani kila siku kwamba limepinda. Mtoto hakulinyoosha. Amelikuza vilevile na kupinda kwake.

Nikaligusa lile jani kwa kidole. Shufaa alinyamaza, andikeni siku hiyo.

Na katikati ya chumba, juu ya kigogo, ilikuwa kofia. Yenyewe. Sindano imechomekwa, uzi wateremka, na ubavuni mwake kigoda.

Saa saba na nusu Sauda aliangalia simu, akashtuka. "Bibi, wakaguzi wamefika ofisini, wanywa chai. Naenda kuswali mara moja kisha niwapokee. Nyinyi pumzikeni humu. Nikirudi nawaeleza kila kitu." Akatoka mbio na viatu mkononi.

Nikakaa kwenye kigoda, maana kigoda ni cha kukaliwa na magoti yalikuwa yapiga kelele. Nikaitazama kofia. Nikavihesabu, ingawa navijua. Tisa.

Nikamwambia Shufaa, "Shoga, mtoto hakumaliza."

"Kweli hakumaliza?"

"Tazama. Sindano hii hapa, uzi huu hapa, vitundu vitupu. Amebanwa na muda. Ametoboa shuka nzima hizi, mikono imemchoka, akaishiwa na siku. Na wakubwa wako hapo wanywa chai."

"Labda hicho kikaratasi chasema kitu," akasema Shufaa. Ukutani kulikuwa na kikaratasi.

"Kisome basi."

"Miwani nimeiacha juu ya friji."

Na mimi mwajua, nilisomeshwa Kurani na baba, herufi za Kiarabu nasoma mpaka za msahafu mdogo, lakini hizi za Kizungu kwangu ni kama nyayo za kuku. Kikaratasi kikabaki pale kimetutazama na sisi tumekitazama.

Nikafikiri maneno ya Bakari. Hakuna mwaka wa tano. Nikamwona Sauda nyuma ya meza ya duka, ahesabu boliti. Nikasema bismillahi, nikachomoa sindano.

Wenzangu, sikufikiri marehemu. Sikufikiri eda, wala kasha, wala ile miaka sita. Nalifikiri chai ya wakaguzi, na kwamba kikombe kimoja hakinyweki zaidi ya dakika ishirini. Kitundu cha kwanza mkono ulisahau njia. Cha pili ukakumbuka. Cha tatu nilikuwa nimeshafika nyumbani. Shufaa akanikatia uzi, akanipepea kwa ncha ya leso, akachungulia nje kila mara kama mlinzi. "Shona, shoga, shona!" Mwanga wa asumini watuangukia kichwani, na mimi nashona mchoro uleule ulionipitia mikononi. Cha nne, cha tano. Cha sita nikasikia kabisa mtu nyuma yangu asema kimekwenda upande, na nikajibu kwa sauti. Shufaa akauliza wasema na nani. Nikamwambia shika uzi.

Nilikuwa nimekaza cha saba pazia likafunguka.

Sauda mbele, nyuma yake mama mmoja mnene wa Nairobi, nywele fupi za mvi, miwani yaning'inia kifuani, na mwanamume mwembamba na faili. Sauda akaona sindano mkononi mwangu. Rangi ilimtoka usoni. Akasema, "Bibi!" Hivyo tu, na sauti haikuwa sauti yake.

Shufaa akainua mikono yote miwili. "Mimi sikushika kitu!"

Yule mama akavaa miwani, akaenda kwenye kikaratasi, akasoma kwa sauti. "Vitundu Tisa. Kofia ambayo haijamalizwa. Tafadhali usiguse." Kisha akainama mbele ya kofia, akahesabu. "Mimi naona viwili."

Hapo nikaelewa. Kumbe mtoto hakubanwa na muda. Kumbe vile vitundu tisa vitupu ndivyo vilivyokuwa kazi yenyewe, na mimi nimevishona. Moyo ulinishuka mpaka kwenye magoti, na magoti hayakuupokea.

Nikasimama. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu. Mtoto hana habari. Kama kuna alama za kukata, nikate mimi."

"Lakini wewe husomi hapa, bibi."

"Basi niandikishe kwanza, halafu unikate."

Yule mwanamume akaangalia faili yake haraka, nikaona mabega yatikisika. Lakini mama hakucheka. Nikamwambia, "Nitafumua sasa hivi. Kufumua ni dakika tano tu," nikaielekeza sindano.

Sauda akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi. "Usifumue, Bibi."

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Usifumue."

Yule mama akamgeukia. "Basi tueleze, Sauda. Tuliambiwa tuje kuona vitundu tisa. Kazi yako iko wapi?"

Nyinyi mwamjua Sauda. Mtoto ambaye mgeni akija hujificha jikoni. Nalidhani atalia. Akatazama vidole vyake, kisha akainua uso, na wallahi nilimwona Mzee Athmani apimapo ubao kabla hajaukata.

Akasema: "Mchoro huu ni wa babu yangu. Bibi alikuwa akiushona, babu akafa, bibi akaacha. Miaka sita. Mimi nilitaka watu waone jinsi kuacha kulivyo, ndiyo nikaweka kigoda kitupu na sindano. Kigoda nilikiweka kama ishara ya mtu asiyekuja." Akanitazama. "Sasa amekuja. Siwezi kuwaambia ni ileile. Ilikuwa ya vitundu tisa mpaka saa saba na nusu."

Akachukua penseli iliyokuwa sikioni, chini ya mtandio, akaenda kwenye kikaratasi, akakata neno moja na kuandika jengine juu yake. Shufaa akaninong'oneza, "Ameandika nini?" Yule mwanamume ndiye aliyemjibu: "Ameandika Viwili."

Mama wa Nairobi akanikaribia. Asumini ilikuwa yamtambaa shavuni. "Bibi, miaka sita hukushona. Mbona leo umeshona?"

Nikamwambia kweli. "Kwa sababu niliona mtoto atachelewa."

Hakuandika kitu. Alisimama pale kitambo, avua miwani, aivaa. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema ahsante, wakatoka kwenda kwa yule msichana wa samaki. Mkate wa sinia nilikuwa nimeusahau. Nilimtuma Shufaa akawakimbilie nao.

Saa kumi Kazungu alitufuata. Nikamwambia apitie Liwatoni. Akasema, "Bibi, Liwatoni si njia." Nikamwambia leo mimi ndiye nijuaye njia. Miaka sita sikufika kule. Tukasimama, sikuteremka. Waume walikuwa watia lami mashua, harufu ileile. Nikaitazama ile kona alipokuwa akiweka sanduku la vyombo vyake, nikamwambia moyoni, hakikwenda upande, hata kimoja. Kisha nikalia kidogo, na Shufaa akanipa ncha ya leso yake.

"Nimemfelisha mtoto, Shufaa."

"Hujamfelisha. Yule mama macho yake yalikuwa na maji."

"Yalikuwa ya udi wangu."

Bondeni tulipita, duka la Bakari limefungwa. Alasiri, siku ya kazi. Nikasema amekasirika mpaka amefunga. Nikafika nyumbani, nikavua kikuba, nikakaa.

Baada ya magharibi mlango ukagongwa. Wakaingia wawili, Sauda na babake. Tulipishana njiani! Sisi twaenda Liwatoni, yeye alikuwa amemfukuza paka, akafunga duka, akaenda chuoni na shati lake la grisi. Akakaa pale ulipokaa wewe. Kisha akasema, "Mama, nimesimama ndani ya zile bafta. Umeuona mkono wa baba?"

"Nimeuona."

"Lile jani lililopinda lipo."

"Lipo."

"Nilikuwa nimelisahau," akasema, akafuta uso kwa ule mkono mchafu, akabaki na grisi mpaka kwenye sikio. Sauda akacheka, akasahau kufunika mdomo.

Siku nane baadaye jibu likaja. Sauda hakupiga simu, alikuja mwenyewe mbio kutoka mdomo wa kichochoro, nasikia viatu. Amepita. Amepita tena kwa alama za juu, na mama wa Nairobi ameandika kwamba kazi ile ilikuwa hai. Bakari alikwenda kuwaambia watu wa Bondeni mmoja mmoja, mpaka wale wanaomdai spea. Mkisikia mtu anasimulia vitundu sokoni, ni mwanangu.

Kofia ikarudi nyumbani na vitundu vyake viwili. Tulikaa baada ya alasiri, mimi na Sauda, hapa barazani. Kimoja nikashona mimi. Cha pili nikampa sindano yeye.

"Bibi, mimi natoboa vikubwa. Vidogo hivi sijui."

"Shona."

Akashona. Kimekwenda upande, tena si kidogo. Mimi, mwajua sifa yangu, nimefumua kazi za wanawake wote wa mtaa huu, hata za mabibi arusi, hata ya Shufaa mara mbili. Hicho sikukifumua. Kiko pale, kushoto, karibu na lile jani.

Ijumaa iliyopita Bakari aliivaa. Nalisimama dirishani nimtazame akitoka. Pale kwenye baraza la msikiti, mkabala na kwetu, mzee mmoja akamsimamisha, akamshika kichwa kama mtu apimaye embe, akamwuliza, "Kofia hii umeipata wapi? Nani siku hizi ashona hivi?"

Mwanangu akasimama wima. Nikamsikia kutoka juu: "Mchoro ni wa baba, Mungu amrehemu. Uzi ni wa mama. Na hiki hapa," akageuza kichwa, akaonyesha kile kilichokwenda upande, "hiki ni cha binti yangu. Amesomea."

Nilichojifunza safarini ndicho hicho: si kila kilichokwenda upande hufumuliwa. Na jengine: mkienda kwenye maonyesho ya vyuo, na muende, wale watoto wanafanya kazi, chukueni miwani. Shufaa sasa ya kwake aifunga shingoni kwa uzi. Uzi wenyewe nimemkatia mimi, ni uleule wa kofia.